Komiki za mamilioni na akiba ya vijana wetu

Vijana wa chama kimoja cha kuweka akiba cha hapa Mombasa wameniuliza swali, nami nikawaahidi kulijibu kwa maandishi, maana jibu la barazani hukatizwa na kahawa, na salamu, na mpira. Wanataka kujua kama bei za komiki kuukuu za Marekani (vile vijarida vya hadithi za katuni), bei hizi ambazo kila baada ya muda tunasikia zimevunja rekodi nyingine, zitaendelea kupanda. Na kama zitaendelea, kuna ubaya gani wao wakitoa sehemu ya akiba yao, wakanunua komiki kadhaa, wakazifungia kabatini, wakaja kuziuza baada ya miaka mitano?

Swali lililetwa na mpwa wangu, karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kijana mwenye hesabu nzuri na haraka ya maisha. Alinijia mimi kwa sababu kazi yangu ni karatasi. Najalidi vitabu Mji wa Kale, ufundi niliorithi kwa marehemu baba: misahafu iliyochakaa, vitabu vya madrasa, daftari za maduka ya Biashara Street, tasnifu za wanafunzi. Miaka ya karibuni wameongezeka watu wa Nyali na Kizingo wanaoniletea komiki niwatengenezee makasha ya kuzihifadhi. Nimezishika nyingi, na nyingine nimezisoma hadi usiku wa manane kabla ya kuzirudisha kwa wenyewe, kwa sababu nazipenda tangu utotoni, tulipokuwa tukipokezana nakala moja darasa zima mpaka jalada likaachana na mwili.

Mpwa wangu, nakwambia mapema ili usitaabike kungoja mwisho. Ziko komiki ambazo bei yake itadumu, na baadhi itazidi kupanda. Lakini hizo hamziwezi, wala mimi siziwezi. Zile zinazolingana na mfuko wa chama, karibu zote, bei yake haina msingi wa kuisimamisha.

Tuanze na habari iliyowatia moto. Novemba 2025, kampuni ya mnada ya Heritage, yenye makao yake Dallas, iliuza nakala ya Superman namba 1 ya mwaka 1939 kwa dola milioni 9.12. Kwa pesa zetu ni zaidi ya shilingi bilioni 1.1. Hadi siku hiyo hakuna komiki iliyokuwa imelipiwa bei hiyo mnadani. Ndugu watatu waliikuta juu darini, katika nyumba ya marehemu mama yao huko kaskazini mwa California, ndani ya boksi, chini ya magazeti makuukuu. Mama yao aliinunua akiwa mtoto, akaiweka, akazeeka nayo. Kila aliyenisimulia habari hii alisimulia zile milioni tisa. Mimi lililonishika ni neno lililosemwa na watu wa mnada, kwamba ubaridi wa sehemu ile ndio uliofaa kuitunza karatasi. Nitalirejea jambo hili, maana sisi hatuna ubaridi.

Rekodi zenyewe mnazijua. Mwaka 2010 komiki ya kwanza ilifika dola milioni moja: Action Comics namba 1 ya 1938, ile iliyomtambulisha Superman. Mwaka 2014 nakala nyingine ya toleo hilohilo ikauzwa kwa milioni 3.2 kwenye eBay. Aprili 2024 nyingine tena, milioni 6. Ukizipanga hivyo, kijana yeyote atataka kushika mkia naye avutwe juu. Lakini tazameni vizuri ni vitu gani vinavyouzwa. Ni vilevile kila mwaka. Action namba 1. Superman namba 1. Detective Comics namba 27, iliyomleta Batman mwaka 1939. Amazing Fantasy namba 15 ya 1962, iliyomleta Spider-Man, ambayo nakala yake safi ilifika milioni 3.6 mwaka 2021. Nyuma ya hizo ziko nyingine zenye heshima yake, lakini orodha ni fupi, na haitarefuka kwa sababu mtu fulani ana haja ya faida.

Inakisiwa kwamba Action namba 1 ilichapwa nakala kama 200,000, zikauzwa senti 10 kila moja, na zilizobaki leo ni kama mia moja hivi. Zilikwenda wapi nyingine? Watoto walizikunja wakazitia mfuko wa nyuma wa suruali. Mama zao walizitupa walipofagia. Vita vya Pili vya Dunia vilipofika, Marekani ilifanya kampeni za kukusanya karatasi kuukuu kusaidia vita, na komiki zikabebwa kwa mafungu na watoto walewale waliozisoma. Vita vikaisha, wakaja wazee na walimu walioamini kuwa zinaharibu watoto, na katika miji kadhaa zikachomwa hadharani. Mwaka 1954 jambo hilo lilifika mpaka Seneti, na wachapishaji wakajifunga wenyewe kwa kanuni kali. Hata waliomuunda Superman, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zake zote kwa dola 130. Hundi iliyobeba malipo hayo iliuzwa mnadani mwaka 2012 kwa dola 160,000. Karatasi ya benki, jamani.

Kwa hiyo uhaba wa vitu hivi haukupangwa na mtu yeyote. Uliletwa na miaka mingi ya kutovithamini. Aliyeweka nakala yake aliiweka kwa mapenzi au kwa kusahau, na hilo haliwezi kurudiwa kiwandani.

Walijaribu kulirudia. Hapa nataka mnisikilize kwa makini, kwa sababu nyinyi wengi hamkuwa mmezaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, magazeti ya Marekani yalikuwa yameshaandika kuhusu komiki za zamani zilizouzwa kwa maelfu ya dola, na watu wakaanza kununua komiki mpya kama akiba. Wachapishaji wakaona. Wakaanza kutoa toleo moja lenye majalada tofauti, majalada yanayong'aa, majalada yenye kutoboka, ili mtu mmoja anunue nakala tano. Mwaka 1991 X-Men namba 1 ilitoka na majalada matano, zikaagizwa nakala zaidi ya milioni 8. Mwaka uliofuata wakamuua Superman katika toleo la 75, likauzwa ndani ya mfuko mweusi uliofungwa, na watu wakapanga foleni mitaani kulinunua. Zilitoka nakala mamilioni. Kila mtu aliweka yake kwenye mfuko, na kila mtu akawa na subira. Baada ya miaka michache ilibainika kwamba hakuna anayeitafuta kwa sababu kila anayeitaka anayo. Maduka mengi ya komiki yakafunga. Desemba 1996 Marvel yenyewe, kampuni yenye Spider-Man, ikaomba kinga ya mahakama kwa kushindwa na madeni.

Mzee mmoja wa Majengo, baharia mstaafu, aliniletea katoni. Meli yao ilikuwa imetia nanga Marekani wakati ule, akasikia wenzake wakisema hii ndiyo dhahabu ya kesho, akanunua mifuko myeusi kwa mshahara wake. Hakuifungua hata mmoja. Aliiweka juu ya kabati, akafunika kwa shuka, akawaambia watoto wake kuwa pale pana ada ya chuo. Alitaka nimtengenezee kasha zuri kabla ya kuiuza. Nikamtafutia bei mtandaoni mbele yake. Nakala ambayo haijafunguliwa inauzwa dola chache, wakati mwingine chini ya nauli ya kuituma posta. Nilimwambia ukweli huo polepole, kwa sababu mtu mzima aliyejinyima hastahili kuambiwa jambo kama hilo kwa haraka. Akaniuliza kosa lilikuwa wapi, ikiwa alizitunza vizuri kuliko mtu yeyote. Na kweli alizitunza. Tatizo ni kwamba watu milioni kadhaa walizitunza vizuri kama yeye.

Sasa nimeiona orodha ambayo chama kimeandaa. Nimeisoma yote. Ni komiki za miaka hii mitano sita, majalada maalumu, zimefungwa kwenye makasha ya plastiki yenye alama ya 9.8. Mpwa wangu aliniambia alama hiyo ndiyo dhamana. Ngoja nieleze dhamana hiyo ni ya nini.

Tangu mwaka 2000 iko kampuni ya Marekani inayoitwa CGC. Unaipelekea komiki, wakaguzi wanaitazama kurasa, pembe, pini na rangi, wanaipa alama kutoka 0.5 hadi 10, kisha wanaifungia ndani ya kasha gumu. Ukilifungua kasha, alama imekufa. Mfumo huu ulifanya kazi kubwa ya haki, siwezi kuukana. Kabla yake, mtu wa mbali alinunua kwa kuamini neno la muuzaji tu. Baada yake, mtu wa Tokyo anaweza kununua kwa mtu wa Chicago bila kuonana, na soko likapanuka, na sehemu ya kupanda kwa bei za komiki za zamani inatokana na uaminifu huo. Lakini kwa komiki ya 1939, alama ya 9 ni muujiza. Kwa komiki ya 2021, alama ya 9.8 ndiyo inayotarajiwa, kwa kuwa iliruka kutoka kiwandani hadi kwenye mfuko bila kusomwa na mtu. Kasha halipunguzi idadi ya nakala duniani. Na makasha nayo yana wajanja wake: imeshatokea watu wakayafungua kwa ustadi, wakabadilisha kilichomo, wakayafunga tena. Mnunuzi wa Mombasa aliye na picha tu ya simu atalitambuaje hilo?

Kuhusu kupanda kwa bei kulikotokea 2020 hadi mwanzoni mwa 2022, sina mengi. Watu walifungiwa majumbani, serikali ya Marekani iligawa pesa, riba ilikuwa karibu na sifuri, na kila kitu kinachokusanywa kikapanda: komiki, kadi za mpira, viatu, saa. Kuanzia Machi 2022 benki kuu yao ikapandisha riba mpaka ikapita asilimia 5, na komiki nyingi za kawaida zikashuka, hasa zile zilizopandishwa na tetesi za filamu. Mhusika mdogo anatangazwa kuwa ataingia kwenye sinema, toleo lake la kwanza linapaa kabla hata mwigizaji hajachaguliwa, sinema inatoka, bei inarudi ilikotoka. Zile kubwa za 1938 na 1939 hazikujali. Hapo ndipo utaona kuwa tunazungumzia masoko mawili yanayotumia jina moja.

Na sisi tuna jambo jingine ambalo Mmarekani halimhusu. Komiki inauzwa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi kama 129. Aliyenunua komiki ya dola 100 Januari alitoa shilingi 16,000, na Julai, ikiwa bei ya komiki haikusogea hata senti, mkononi ana ya 12,900. Elfu tatu na mia moja zimepotea bila kosa la komiki. Ongeza usafirishaji, bima na ushuru, ambavyo wewe mpwa wangu unavijua kuliko mimi. Ongeza kwamba bei zinazotangazwa na minada huwa zimejumlishwa ada ya mnunuzi, kwa hiyo muuzaji hapokei fungu lile mnalolisoma gazetini. Na kitu hiki kikikaa miaka mitano hakikupi hata shilingi ya kodi ya nyumba. Kinakaa tu.

Swali kubwa lakini ni hili: nani atanunua baada yetu?

Hili silisomi vitabuni, linakuja dukani kwangu. Wajukuu huniletea albamu za stempu za babu zao. Mombasa ilikuwa na wakusanyaji hodari wa stempu, makarani, wafanyabiashara wa Kihindi, walimu, watu wa reli. Na mji wetu una nafasi yake katika historia hiyo, maana Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao hapa, na mwaka 1890 ikatoa stempu zake za kwanza, stempu za Uingereza zilizogongwa jina la Kampuni juu yake. Babu angekuwa nayo moja ya hizo angekuwa mtu wa kuulizwa mtaa mzima. Leo mjukuu anaweka albamu mezani, ananiuliza nani ananunua, nami namtajia mtu mmoja au wawili, nao ni wazee. Shule zilikuwa na vilabu vya stempu. Siku hizi mtoto hajui hata barua inabandikwa nini.

Stempu mashuhuri kuliko zote duniani ni ya senti moja ya British Guiana, ya 1856, nyekundu ya zambarau, imebaki moja tu. Mwaka 1980 iliuzwa dola 935,000. Mwaka 2014 ikauzwa karibu milioni 9.5. Mwaka 2021 ikauzwa tena, milioni 8.3. Hakuna kitu adimu kuliko kitu ambacho kipo kimoja tu, na bado kilipungua bei ndani ya miaka saba. Aliyekuwa anaamini kuwa uhaba peke yake unatosha, na alitazame hilo.

Mfano wa pili uko ndani ya komiki zenyewe. Mwaka 1937 kampuni ya D.C. Thomson ya Dundee ilianzisha The Dandy, na 1938, mwaka uleule wa Superman, ikaanzisha The Beano. Wazee wetu waliosoma shule za mkoloni wanazikumbuka. Matoleo ya kwanza ya magazeti haya ni adimu kupita kiasi, zimebaki nakala za kuhesabika. Mwaka 2004 Dandy namba 1 iliuzwa pauni 20,350, na Beano namba 1 pauni 12,100, na hizo zilikuwa bei za kushangaza Uingereza nzima. Umri ni uleule, uhaba unalingana, na karatasi ni dhaifu vilevile. Tofauti iko kwa watu wanaoitamani. Superman alivuka bahari, akaingia kwenye sinema, akaingia kwenye fulana za watoto. Nendeni Kongowea siku yoyote mfungue marobota ya mitumba, mtaona ile herufi S kifuani kabla hamjafika chini.

Ndiyo maana naamini bei ya zile chache itadumu. Waliosoma Action namba 1 ikiwa mpya wamekwisha kuzikwa karibu wote, na bei haikufa nao. Kizazi kilichofuata kilimpokea Superman kwenye televisheni, kingine kwenye sinema, kingine kwenye michezo ya kompyuta. Wapo wanaosema mwaka 2034, haki ya kunakili ya toleo lile la kwanza itakapokwisha Marekani na kila mtu kuwa huru kumtumia Superman wa 1938, thamani itaanguka. Mimi naona kinyume. Hadithi ikiwa mali ya wote husambaa zaidi, na karatasi ya asili inabaki ileile mia moja. Lakini kati ya wahusika elfu moja waliozuliwa, wangapi watavuka vizazi vinne? Komiki za miaka ya 1970 na 1980 zinashikiliwa na wanaume wa miaka hamsini na sitini waliozipenda utotoni na sasa wana pesa. Wakianza kuziuza kwa pamoja, kwa ugonjwa au kwa urithi, watoto wao watazitaka? Nimekwisha kuona watoto wa wateja wangu. Wanasoma hadithi za Kijapani kwenye simu, kurasa mia kwa usiku, hawana haja ya kushika karatasi.

Sasa nije kwenye ubaridi niliousema.

Komiki ya zamani imechapwa kwenye karatasi duni kuliko zote, karatasi ya gazeti, iliyosagwa kwa mbao bila kuondolewa vitu vinavyotoa asidi. Asidi ile inaila karatasi kutoka ndani. Joto huiharakisha, unyevu huiharakisha zaidi. Njooni dukani kwangu wakati wa masika mkishike kitabu kilichokaa rafu ya chini: kurasa zinanata, zina harufu ya udongo. Hewa yetu ina chumvi, na komiki inashikwa na pini mbili za chuma. Pini ikishika kutu, kutu inaingia kwenye karatasi, na wakaguzi wanashusha alama. Bado sijataja ukungu, mende, mchwa, na wale wadudu wembamba wa rangi ya fedha wanaopenda gundi. Nimefungua komiki zilizoletwa kutoka nyumba nzuri za ufukweni, zimekaa miaka kumi tu, jalada limejikunja kama jani la mkungu juani. Kasha la plastiki halizuii hewa, na likiwekwa karibu na dirisha linageuka kuwa tanuri. Kuna tiba: chumba chenye kiyoyozi usiku na mchana, kipimo cha unyevu, makasha yasiyo na asidi. Natengeneza makasha hayo na nayasifu. Lakini hesabuni umeme wa kiyoyozi kwa miaka mitano, kisha mnirudie na faida yenu.

Kuna jambo la udanganyifu pia, nilitaje kwa sababu linakuja mpaka huku. Alinijia bwana mmoja na Action namba 1, akisema imetoka katika vitu vya Mzungu aliyefariki. Alikuwa anatetemeka kwa matumaini. Nilichukua rula. Ya asili ina urefu wa kama inchi 10 na nusu, na ile ilikuwa na inchi 13 na nusu. Mwaka 1974 wachapishaji walitoa nakala kubwa ya kumbukumbu, ndani imefanana na ya 1938 mpaka matangazo, ikiwa na jalada jingine la nje linaloeleza ni marudio. Ukiling'oa jalada hilo la nje, asiyejua anadanganyika. Yule bwana hakuwa tapeli, naye alikuwa ameuziwa. Kabla ya kutoa pesa, pimeni kwanza.

Basi chama kifanye nini? Sitawashauri hatifungani za serikali, ingawa najua baadhi yenu mnazo, kwa sababu suala la riba linanizuia kuzisifu. Lakini mna vitu vinavyofanya kazi: tuktuk mbili, friza ya samaki, na lile wazo la chumba cha kupangisha Mishomoroni ambalo mlilizungumza mwaka jana mkaliacha. Hivyo vinawaingizia kitu kila mwezi, na mkitaka kuviuza mnunuzi yuko Mombasa hii hii. Anayetaka komiki kwa sababu anaipenda, na anunue moja, aisome, aitunze, na pesa aihesabu kuwa imekwisha kutumika. Huyo hatapata hasara hata bei ikifika sifuri. Kwa pesa za chama, zenye jasho la wenzenu na mama mboga mmoja ndani yake, nasema hapana. Nasema hapana kwa moyo wangu wote.

Na kama kuna moto wa kukusanya ndani yenu, ambao mimi naupenda, naomba muugeuzie huku. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha Nairobi gazeti la Joe, lililojaa katuni za maisha yetu, likaendelea hadi 1979. Juha Kalulu wa Edward Gitau alichekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi. Dar es Salaam walikuwa na Sani, lenye kina Madenge na Ndumilakuwili ndani yake, gazeti ambalo mabaharia na wafanyabiashara walilileta hapa tukalisoma mpaka likaisha. Yalikuwapo yale ya picha ya mpelelezi Lance Spearman, na kofia yake, ambayo wazee wa Makadara bado wanaweza kuwasimulia kisa kwa kisa. Yote hayo yalikwenda wapi? Yalifungia njugu. Yalifungia bajia. Yaliwashia jiko. Yamepitia kilekile kilichoipata Action namba 1, na sidhani kama kuna mtu hapa mjini anayejua ni nakala ngapi zimebaki.

Siwaahidi pesa. Hakuna mnada wa Joe, na sioni dalili ya kuwapo hivi karibuni, maana hakuna sinema zinazomtembeza Juha Kalulu duniani. Lakini ni sura zetu, lugha yetu, vichekesho vya baba zetu, na karatasi yake inaoza katika hewa hii hii ninayowaeleza.

Kwa hiyo mwenye nakala nyumbani, hata zikiwa hazina jalada, hata zikiwa zimeliwa pembe, aniletee Mji wa Kale. Nitazisafisha, nitatoa pini zenye kutu nishone kwa uzi, na nitazitia kwenye kasha, bila malipo, mradi aniruhusu nizipige picha kila ukurasa kabla ya kuzirudisha. Tafadhali msizitie gundi ya utepe wala kuzipeleka kwenye leminesheni kabla sijaziona, kwa sababu hayo mawili siwezi kuyaondoa bila kuchana karatasi. Mzileteni zikiwa bapa, katikati ya vipande viwili vya boksi kavu.